Mtoto wa Mheshimiwa anayetaka maisha yake: anza na pesa, jina liache mwisho

Swali: Nina miaka 26, nimehitimu uhandisi ujenzi. Baba yangu ni mbunge na aliwahi kuwa waziri, jina letu la ukoo linajulikana nchi nzima. Nimepata kazi kwenye kampuni ya ushauri wa kihandisi hapa Dar es Salaam, mshahara 900,000 kabla ya makato. Kazini naitwa "mtoto wa kigogo", na haipiti wiki bila mtu kuniletea kimemo nimfikishie baba. Naishi kwake, naendesha gari lake, hata bando ananinunulia yeye. Nawaza kuhama na kubadili jina. Nianzie wapi bila kumvunjia mzee heshima?

Jibu: Dada yangu, kuhama nakuunga mkono. Kubadili jina nakuomba usubiri, na sababu nitaieleza huko mbele. Kinachowafanya watu wakuone kama mkono wa baba yako si herufi zilizo kwenye kitambulisho chako. Wanaangalia nani anakulisha, nani alipiga simu ukapata kazi, na nani anapita kwako ili amfikie Mheshimiwa. Yote matatu yanaweza kubadilika, na hakuna hata moja linalobadilishwa na hati ya jina.

Tuanze na pesa, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kosa linalojirudia ni mtu kuhama kwa hasira akiwa na mshahara mmoja mkononi, kisha mwezi wa nne anarudi nyumbani kuomba kodi ya nyumba. Ukirudi hivyo, mjadala wa kujitegemea umefungwa kwa miaka, kwa sababu kila ukiugusa utakumbushwa kwamba ulijaribu ukashindwa.

Piga hesabu ya mshahara wako kwanza. Kwenye 900,000, mchango wako wa NSSF wa asilimia 10 ni 90,000. Zinabaki 810,000, na hizo ndizo zinazokatwa kodi ya mapato. Kwa viwango vya Tanzania Bara, kodi ya 760,000 za mwanzo ni 68,000, na 50,000 zinazozidi hukatwa asilimia 25, yaani 12,500. Jumla ya kodi ni 80,500. Mkononi unapokea 729,500. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, yaani bodi ya mikopo ya elimu ya juu, toa asilimia 15 nyingine ya mshahara wa msingi, ambayo kwako ni 135,000, na hesabu yote inayofuata uipange upya.

Tuseme umepata chumba na sebule kwa 200,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba atataka miezi 6 kwa mkupuo: 1,200,000. Dalali atachukua kodi ya mwezi mmoja: 200,000. Kitanda, godoro, mtungi wa gesi na jiko lake, vyombo na mapazia, tenga 600,000 na ukubali kuanza na vichache. Ongeza akiba ya matumizi ya miezi 3 kwa 400,000 kila mwezi, ambayo ni 1,200,000. Jumla ni 3,200,000. Ukiweka 400,000 kila mwezi ukiwa bado kwa baba, utafika baada ya miezi 8. Najua ni mingi kwa mtu aliyekwisha kuchoka, lakini ukihama nayo hutarudi. Baada ya kuhama, siku ya mshahara weka kando 200,000 za kodi ijayo kabla hujagusa kitu kingine, kwa sababu miezi 6 huisha upesi na mwenye nyumba hadai kwa awamu. Matumizi 400,000. Zinabaki 129,500 za dharura.

Mzee akitaka kusaidia, usikatae kila kitu. Mzazi kumpa binti yake kitanda au seti ya sufuria siku anapohama ni jambo la heri, mpokelee kwa mikono miwili. Usipokee kinachojirudia kila mwezi: kodi, mafuta, bando, mshahara wa msaidizi. Hivyo ndivyo vinavyompa mtu haki ya kuuliza uko wapi saa tano usiku na kwa nini umekataa kazi ya rafiki yake. Kama mkupuo wa kodi umekushinda kabisa, mwombe akukopeshe na muandikiane: kiasi, tarehe ya kuanza kurudisha, kiasi cha kila mwezi. Kisha urudishe kweli, hata akisema acha tu.

Gari lirudishe mapema, kabla hata ya kuhama. Kama ni lake binafsi, ni utegemezi wa kawaida. Kama namba yake inaanza na ST, ni mali ya serikali na hupaswi kuonekana nalo hata sokoni. Kuhusu simu, piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Watoto wa watu maarufu mara nyingi hukuta laini za dereva, katibu au binamu zimesajiliwa kwa majina yao. Ambayo huijui, nenda kwa mtoa huduma ifutwe. Na laini unayoitumia wewe ikiwa imesajiliwa kwa mtu mwingine, ihamishie kwako, kwa sababu pesa ya simu iliyomo ndani yake kisheria si yako.

Hapa kuna jambo hukuliuliza, na mimi naliona zito kuliko yote: je, kuna karatasi uliyowahi kusaini kwa ajili ya baba? Familia nyingi za viongozi huandika hisa, ukurugenzi au viwanja kwa majina ya watoto. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka kiongozi atangaze mali zake, za mwenzi wake, na za watoto walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Wewe una miaka 26, humo haumo. Maana yake, kilichoandikwa kwa jina lako kinahesabiwa ni chako, na siku TRA, yaani mamlaka ya mapato, au mchunguzi akiuliza pesa zilitoka wapi, atakuuliza wewe. "Baba aliniambia nisaini" si jibu litakalokuokoa.

Muulize mama au katibu wa familia orodha ya kampuni zote zinazohusu nyumba yenu, kisha omba BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, taarifa rasmi ya kila moja uone wakurugenzi na wanahisa. Tangu 2021 kampuni zinatakiwa pia kutaja mmiliki manufaa, yaani mtu anayenufaika na kuidhibiti hata kama jina lake halimo kwenye hisa, kwa hiyo ule utaratibu wa zamani wa kuficha nyuma ya jina la mtoto umekuwa hatari zaidi kwa mtoto mwenyewe. Ukijikuta mkurugenzi, andika barua ya kujiuzulu yenye tarehe, ipokelewe na kugongwa muhuri, na ufuatilie mpaka kampuni ipeleke mabadiliko BRELA. Barua iliyobaki kwenye droo haikutoi kwenye daftari. Hisa ni safari ndefu kidogo: zinahitaji hati ya kuhamisha, na kodi zake zimalizwe TRA, kabla BRELA haijabadilisha kumbukumbu. Hapo lipa wakili, na asiwe wakili wa baba.

Viwanja vina mtego wao. Ukiambiwa "jenga pale kwenye kiwanja changu cha Bunju", na hati ikabaki kwa jina lake, nyumba utakayoijenga kwa mshahara wako imekaa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Akifariki, kiwanja kinaingia kwenye mirathi pamoja na kilicho juu yake, nawe utaanza kuwathibitishia ndugu zako kwa risiti za saruji kwamba jasho ni lako. Kama anataka kukupa, akuhamishie hati kwanza akiwa hai na mwenye afya, halafu ndipo uchimbe msingi. La sivyo, nunua kidogo chako kwingine.

Ukienda benki kufungua akaunti yako au kuomba mkopo, utaulizwa maswali ambayo wenzako hawaulizwi. Usione ni dharau. Kanuni za kimataifa za kuzuia utakatishaji fedha zinazitaka benki zichunguze zaidi watu wenye nyadhifa za kisiasa pamoja na familia zao, na kuacha wadhifa hakuliondoi jambo hilo mara moja. Nenda na barua ya ajira, hati za mshahara za miezi 3, mkataba wa pango na TIN yako. Ukiulizwa kama una uhusiano na kiongozi, sema ndiyo. Anayeficha, benki ikaja kugundua, ndiye anayefungiwa akaunti siku anayoihitaji. Na usiruhusu akaunti hiyo ipitishe pesa za mtu yeyote wa nyumbani, hata mara moja, hata za msiba. Michango ya msiba iwe na namba yake.

Sasa kazi. Taaluma yako ina bahati ambayo wanamuziki na wanasiasa hawana: ina vipimo. Vipande vya zege vya sentimeta 15 vikivunjwa maabara siku ya 7 na ya 28, namba inayotoka ni ileile, awe amevisimamia nani. Itumie bahati hiyo. Jisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu kama bado hujafanya hivyo, na uingie kwenye SEAP, mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka 3 unaokuandaa kuwa mhandisi mtaalamu. Chagua msimamizi asiyedaiwa wala kutarajia kitu kutoka kwa baba yako. Daftari lako la mafunzo liandike kila wiki, siyo mwisho wa robo mwaka kwa kukumbuka: mita za ujazo za zege mlizomwaga, michoro uliyoikagua, kasoro uliyoikuta na hatua iliyochukuliwa. Anayesema umebebwa hana la kusema mbele ya daftari la miaka 3 lililosainiwa na mtu mkali.

Hussein Mwinyi alikuwa mtoto wa Rais, na alisomea udaktari akaifanya kazi hiyo kabla ya kuingia bungeni mwaka 2000. Stella McCartney, binti wa Paul McCartney, alijifunza ushonaji wa suti kwa mafundi wa Savile Row jijini London kabla jina lake halijawa nembo ya mavazi. Lakini kwenye onesho lake la kuhitimu chuo mwaka 1995 nguo zake zilivaliwa na marafiki zake Naomi Campbell na Kate Moss, na watu hawakuacha kulisema. Nayataja yote mawili pamoja kwa makusudi. Ufundi alikuwa nao, lakini siku alipouonesha kwa mara ya kwanza aliweka mbele kile ambacho mwanafunzi mwingine asingekipata, na kila aliyetaka kumshusha akapata pa kushikia. Wewe usiwape watu pa kushikia. Kwa miaka 2 au 3 ya mwanzo, kataa hata upendeleo mdogo usio na madhara: safari ya semina iliyotolewa kwako peke yako, kiti cha mbele kwenye ufunguzi wa mradi.

Tazama pia kama kazi uliyonayo ni kazi kweli. Kuna dalili za kampuni iliyoajiri simu ya baba yako badala yako: mshahara wako umezidi wa wahitimu wenzako kwa kazi ileile, hupelekwi saiti, huna msimamizi anayekusahihisha, na unaitwa kwenye vikao vya zabuni usizozifanyia hesabu. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Ukikuta kampuni yako inaomba zabuni kwenye taasisi ambayo baba ana sauti, mwandikie mkuu wako kwamba una mgongano wa maslahi na uombe uondolewe kwenye kazi hiyo. Tunza nakala. Tunza pia tangazo la ajira uliloliona, barua yako ya maombi na barua ya kuitwa usaili. Mtu akidai uliingia kwa mlango wa nyuma, hutamjibu kwa maneno.

Ulisema vimemo vinakuja kila wiki. Vinakuja kwa sababu kimoja kilipokelewa. Anayetaka kazi ya mwanawe, uhamisho au kiwanja akisikia kwamba ulimfikishia fulani, atapanga foleni mlangoni kwako, na ukimkataa yeye ataona umemchagulia adui. Dawa ni kukataa vyote, vya shangazi na vya mgeni, kwa maneno yaleyale. Kwa mtu mzima sema hivi: "Shikamoo mzee. Mambo ya ofisi ya baba sipokei wala sipeleki, nimejiwekea hivyo kwa kila mtu. Ofisi ya mbunge ipo jimboni, barua yako ikipita huko itaandikwa kwenye daftari na utajibiwa." Usiongeze "nitajaribu". Hilo neno moja husikika kama ahadi. Usishike hata bahasha kwa nia ya kuirudisha baadaye.

Na kama bahasha ina "pesa ya soda", ujue uko karibu na nini. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inalitambua kosa la kufanya biashara ya ushawishi, na wanaoingia hatiani ni anayetoa na anayepokea. Haihitaji uwe mtumishi wa umma. Inatosha umechukua kitu ili ushawishi wako, wa kweli au wa kudaiwa, utumike.

Upande wa mitandao, matapeli hufungua akaunti kwa majina na picha za watoto wa viongozi na kuahidi ajira kwa "ada ya fomu". Kwenye akaunti yako halisi weka tangazo la kudumu kwamba huunganishi mtu na kazi wala huombi pesa. Namba ya tapeli itumwe 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na ripoti ya polisi uichukue siku ileile, kwa sababu aliyetapeliwa atakuja kukutafuta wewe. Picha za nyumbani, za ndani ya gari na za wageni wa baba zitoe. Siasa zake usizitetee wala kuzipinga mtandaoni kwa sasa. Unayo haki ya kuwa na msimamo wako. Makongoro Nyerere aligombea ubunge Arusha mwaka 1995 kupitia NCCR-Mageuzi, akashinda, mwaka uleule Mwalimu akiwa jukwaani kumnadi mgombea wa CCM. Ila msimamo wa kisiasa utakurudisha kwenye habari za baba, na wewe unajaribu kuandikwa kwa habari zako.

Nimeliacha jina mpaka hapa kwa sababu sasa unaweza kuliona kwa ukubwa wake halisi. Kubadili jina kisheria kunahitaji hati ya kubadili jina iliyoandaliwa na wakili, isajiliwe kwa msajili wa hati na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Halafu unaanza kuzunguka: NIDA, pasipoti, TRA, benki, NSSF, laini ya simu, Bodi ya Wahandisi. Vyeti vyako vya NECTA vitabaki na jina ulilofanyia mtihani, kwa hiyo kila utakapoomba kazi utaambatanisha hati inayoonesha jina la zamani, lile lile ulilotaka lisionekane. Angelina Jolie aliliondoa jina la baba yake, Jon Voight, kisheria mwaka 2002, na bado dunia nzima inajua ni binti wa nani. Mwandishi wa habari atalikuta tangazo lako mapema sana, na habari itakuwa "binti wa waziri amkana baba". Kama ninyi ni Waislamu, kuna na suala la nasaba, ambalo familia haitalichukulia kama karatasi tu.

Njia nyepesi ipo. Majina yetu ni matatu, na linalojulikana ni moja. Kazini, kwenye barua pepe na kwenye mitandao, omba utambulike kwa jina lako na la kati, au jina lako na herufi za mwanzo za mengine. Hakuna hati inayohitajika kwa hilo. Kwenye mikataba, michoro unayosaini na usajili wa taaluma tumia majina kamili kama yalivyo kwenye vyeti, bila kubadilisha hata herufi. Nipe miaka 3, mpaka umalize mafunzo. Ukiwa bado unataka hati baada ya hapo, ifanye kwa utulivu na baba akijua kabla ya gazeti.

Kuzungumza naye kufanyike kabla ya kutafuta chumba. Akisikia kwa dalali au kwa dereva, umekwisha kumvunjia heshima hata ukiwa na hoja zote. Mwanzie mama, au shangazi anayesikilizwa, ajue nia yako na achague siku. Isiwe msimu wa kampeni wala siku anayotoka bungeni amechoka. Usimwambie "sitaki msaada wako". Mwambie unaomba baraka zake uanze maisha, na umwoneshe ile hesabu ya miezi 8 kwenye karatasi. Wazee wengi waliotoka kijijini na sanduku moja hulainika wakiona namba. Kisha omba vitu vitatu tu, vinavyotekelezeka: asimpigie simu bosi wako kwa jambo lolote, asiwaelekeze watu kwako, na waandishi wakimuuliza habari zako ajibu kwamba binti yake ni mtu mzima, waulize mwenyewe. Wewe umuahidi misiba, harusi na sikukuu kwamba hutakosa, na uitimize ahadi hiyo. Mtoto aliyehama asiyeonekana kwenye msiba wa ukoo hupoteza watetezi wote aliokuwa nao ndani ya nyumba.

Wadogo zako na kaka zako watasema unajifanya. Usibishane nao, na usiwakopeshe kutoka kwenye akiba ya kodi.

Inawezekana mzee akaahidi na bado akapiga simu ofisini, kwa mapenzi yake. Ukijua, siku hiyohiyo mwandikie mkuu wako barua pepe fupi: kwamba umesikia kulikuwa na mawasiliano kuhusu wewe, kwamba hayakutoka kwako, na kwamba unaomba tathmini yako ifanywe kwa utaratibu wa wote. Halafu jioni nenda kwa baba, msalimie, ukae, umwambie ulichoandika.